Kambo wetu alikuwa baharia wakati wa vita: tuandike nini juu ya kaburi lake?

Mjukuu wa Katuba (Lubumbashi)

Salamu kwenu wote. Naomba msaada kabla ya mwisho wa mwezi, maana fundi ameshapokea nusu ya pesa yake na sementi iko ndani.

Tunajenga upya kaburi la kambo wetu. Kwa ninyi mlio mbali: huku Katanga babu tunamwita kambo, na bibi naye ni kambo mwanamke. Si kambo ile ya "baba wa kambo". Alikufa Machi 1998, mimi nikiwa na miaka 17. Familia haikuwa na kitu wakati ule. Tulimzika kwa msalaba wa mbao, jina tukaliandika kwa rangi nyeupe, na mvua za miaka yote hii zimemaliza mbao na rangi pamoja. Kiangazi cha mwaka huu watoto na wajukuu tumechanga ili apate kaburi la kudumu. Ugomvi uko chini ya jina. Hapo tuandike nini?

Kambo alizaliwa Mayumbe, upande wa bahari, kama mwaka 1922. Alipokuwa kijana alishuka Matadi kutafuta kazi, na mwaka 1942 akachukuliwa kwenye meli ya Wabelgiji, jikoni. Kumenya viazi, kusugua masufuria, kupanda ngazi usiku na birika la chai kwa walio zamu. Bunduki hakuishika hata siku moja. Alishuka mwaka 1946. Mwaka 1949 akaja huku, wakati mji ungali unaitwa Elisabethville, akapata kazi kwenye kantini ya wafanyakazi wa reli, akamwoa kambo mwanamke mwaka uliofuata, wakazaa watoto saba. Mayumbe hakurudi tena.

Alikuwa na neno moja alilolirudia kila wageni walipofika: "Miye nilikala Elisabethville myaka ine mbele ya kukanyaga bulongo yake." Miaka minne kabla ya kukanyaga udongo wake. Watu walicheka, sisi watoto tulilichukua kama kitendawili kisicho na jibu, na yeye hakutegua. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa familia sasa, anasema mzee alikuwa anachanganya miaka na miji, na kwamba hatuwezi kuchonga kwenye jiwe maneno ya mzee aliyechanganyikiwa.

Mimi ninaamini alikuwa anataja meli. Mwezi jana tulishusha picha ya Bikira Maria ili kupaka rangi ukuta, na dada yangu akakuta picha nyingine imefichwa nyuma ya fremu. Wanaume watano wenye aprani nyeupe. Wa pili kutoka kushoto ni kambo, namjua kwa sikio lake lililokatika ncha. Nyuma yao limetundikwa boya la duara, na juu yake zinasomeka herufi ELISAB, zinazofuata zimefichwa na bega la mtu. Baba mdogo ameiangalia akasema ni picha ya studio, kwamba zamani wapiga picha wa hapa walikuwa na vitambaa vilivyochorwa meli na ndege, mtu anasimama mbele anapigwa. Hilo la vitambaa ni kweli, hata harusi ya shangazi imepigwa mbele ya ndege.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Nilikuwa na miaka sita hivi nilipomsindikiza kambo kwenye ofisi moja kuomba aandikwe kati ya wapiganaji wa zamani. Karani alimuuliza namba ya bunduki. Kambo akasema hakuwa na bunduki, alikuwa na sufuria, lakini meli yao ilibeba askari na kila safari walitafutwa ili wauawe. Karani akamwambia meli ya kampuni si jeshi, apishe wengine. Tulirudi kwa miguu mpaka Katuba bila neno. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa uani na hakula mpaka kesho yake. Hakurudi kuomba tena, wala sisi hatukumwombea.

Kuhusu vita alinisimulia mara moja tu. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa wawili sebuleni. Alisema walikuwa meli nyingi pamoja, zimetoka "Filitauni", zinakwenda Liverpool, na usiku meli ya jirani ikapigwa. Alikuwa amepanda na birika. Aliona majini taa ndogo ndogo nyekundu zinaelea, na kila taa ni mtu. Alianza kuzihesabu. Meli yao haikusimama. Nikamuuliza kwa nini haikusimama, akaniambia: "Meli haisimame, mwana." Alipofika kwenye idadi fulani akaacha kuhesabu, na idadi yenyewe hakuniambia.

Pia alikuwa na tabia ambayo kambo mwanamke aliiita ugonjwa. Mlango wa chumba chao cha kulala hakukubali ufungwe usiku. Aliutia ndoana ya waya, ukabaki wazi upana wa kiganja, wakati Katuba nzima watu wanajifungia kwa makufuli kwa ajili ya wezi. Waligombana juu ya mlango ule mpaka alipokufa.

Maswali yangu basi. Je, kulikuwa kweli na meli yenye jina la mji wetu? Je, ni halali kumwandika "mpiganaji wa zamani"? Na ndugu yangu anataka tuweke bamba la shaba iliyopigwa nyundo, lenye mchoro wa meli. Mnaonaje?

Fundi Makaburi (mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Ndugu, pole na kazi. Najibu la bamba tu, hayo mengine ni ya wakubwa.

Shaba msiweke. Mimi ninajenga makaburi mwaka wa kumi na moja sasa, na kila bamba la shaba nililolifunga limeng'olewa, jingine halikumaliza wiki mbili. Linakwenda kwa wanunuzi wa mitraye, yaani vyuma chakavu, linapimwa kilo, basi. Nimeona mama mmoja anarudi na maua kukuta matundu manne ya skrubu. Uliza fundi wako kama anajua granito ya kumwaga: sementi nyeupe na changarawe ndogo, inasagwa mpaka inang'aa. Herufi zichongwe ndani, kina cha nusu kidole, zitiwe sementi nyeusi. Herufi ya kuingia ndani hakuna wa kuiiba. Meli pia inachongeka, mradi mchoro uwe wa mistari michache: tumbo, bomba la moshi, milingoti miwili.

Na jina liandikwe kubwa kuliko tarehe. Watu wengi wanafanya kinyume.

Mzee wa Reli (Kamalondo)

Mwanangu, swali lako la kwanza nalijibu kwa moyo mweupe: meli hiyo ilikuwako. Tena mpaka mwisho wa vita zilikuwa zimekuwako mbili.

Kampuni ya meli ya Ubelgiji, Compagnie Maritime Belge, iliyounganisha Antwerpen na Matadi, ilikuwa na desturi ya kuzipa meli zake majina ya miji ya Kongo. Kulikuwa na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Albertville, yaani Kalemie. Baudouinville, yaani Moba. Thysville, yaani Mbanza-Ngungu. Na Elisabethville, sisi. Ya kwanza ya jina letu ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani Septemba 1917, kwenye pwani ya Ufaransa karibu na Belle-Île. Ya pili ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 pale Hoboken, karibu na Antwerpen. Hiyo ndiyo iliyobeba askari katika vita vya pili, na haikuzama. Mwaka 1947 iliuzwa kwa Waingereza wakaibadilisha jina, ikawa Empire Bure. Kwa hiyo kambo wako aliposhuka 1946, meli ilikuwa ingali na jina la mji wetu. Mwaka mmoja baadaye jina likafutwa kwenye meli yake, na mwaka 1966 mji wenyewe ukabadilishwa kuwa Lubumbashi. Mzee alibaki na neno ambalo halina tena meli wala mji. Nikifikiri hivyo sishangai kwamba mliona anachanganya.

Wenzake wa meli nyingine hawakuwa na bahati yake. Albertville ilipigwa na ndege za Wajerumani Juni 1940 karibu na Le Havre. Kabalo, jina la kituo chetu cha reli kando ya mto Lualaba, ilizamishwa Oktoba 1940 katika Atlantiki na nyambizi ya Waitaliano iliyoitwa Cappellini. Kamanda wake, Salvatore Todaro, akafanya jambo ambalo halikufanywa na wengi: aliwachukua watu 26 wa Kabalo akawafikisha salama kwenye visiwa vya Azores. Na Léopoldville ilipigwa usiku wa mkesha wa Noeli, 24 Desemba 1944, ikiwa imebeba askari wa Kiamerika zaidi ya 2,000 kutoka Southampton kwenda Cherbourg. Waamerika zaidi ya 700 walikufa, karibu kabisa na nchi kavu, katika maji ya baridi kali. Humo ndani walikuwamo mabaharia Wakongo, vijana wa Matadi kama kambo wako. Walifanya kazi ile kwa mshahara mdogo kuliko wa Wabelgiji waliolala nao meli moja.

Nikuongezee kitu cha kwetu. Shaba iliyochimbwa hapa wakati wa vita haikuruka. Tuliipakia kwenye mabehewa (mimi nilianza reli baadaye, lakini walionifundisha kazi ndio walioipakia), ikapanda mpaka Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, ikashushwa kwenye boti za mto Kasai mpaka Léopoldville, ikapakiwa tena treni mpaka Matadi. Nyingine ilitoka kwa reli ya Benguela mpaka Lobito. Mwisho wa kila njia palikuwa na meli, na ndani ya meli palikuwa na mtu anayemenya viazi. Huku kwetu wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, walipoomba nyongeza ya mshahara Desemba 1941 walipigwa risasi mjini humu humu. Hao pia hakuna karani aliyewaita wapiganaji.

Mwambie baba yako mdogo, kwa heshima zangu, kwamba baba yake hakuchanganya kitu.

Binti wa Askari (Bukavu)

Nimesoma nikalia, hasa hapo pa ndoo.

Baba yangu alikuwa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Alikwenda Abisinia, ndiyo Ethiopia, kwa miguu na kwa lori, akawako pale Saïo mwaka 1941 Waitaliano waliposalimu amri. Alikuwa na medali yake, na kila tarehe 11 Novemba alipiga pasi kaptula, akasimama mstarini. Kwa hiyo naomba niseme kama mtoto wa mpiganaji: msimwandike kambo wenu mpiganaji wa zamani.

Usinielewe vibaya, kaka. Sisemi hakustahili. Nasema hilo ni neno la baba yangu, na kambo wenu ana la kwake. Mkimwandika mpiganaji, mtakuwa mmeikubali hoja ya yule karani, kwamba bila bunduki mtu si kitu, ndiyo maana mnamvika bunduki akiwa kaburini. Baba alikula mchele na kuvaa viatu vilivyovuka bahari. Alituambia mwenyewe kwamba kabla ya kuogopa risasi aliogopa sanduku la chakula lisifike. Andikeni baharia. Neno lisimame peke yake, anayepita ataliuliza.

Bandarini (Mombasa)

Assalaam aleikum, na pole sana mwanangu kwa mzee wenu. Marehemu ni marehemu hata kama imepita miaka mingi.

Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka 26, meli za mizigo, nimestaafu. Vita sikuviona, lakini serahangi wetu wa kwanza, yaani msimamizi wa mabaharia, mzee wa Lamu, alikuwa baharini wakati ule. Nataka nikueleze habari ya mlango.

Meli ikipigwa topido, chuma hujipinda. Si lazima ipasuke mbele yako. Waweza kuwa upande wa pili kabisa, umelala, na ukasikia kishindo tu. Lakini fremu ya mlango wako imeshakaa mshazari, na mlango uliofungwa hukwama humo kama kizibo. Watu watatu wenye nguvu hawaufungui, na maji hayawangoji. Kwa hiyo wakati wa vita mabaharia walilala na mlango umetiwa ndoana, wazi kidogo, nguo mwilini, jaketi la kuokolea karibu na mkono. Serahangi wetu alifanya hivyo hivyo mpaka uzeeni, katika meli ya amani, kwenye maji matulivu kama ya Kilindini. Vijana tuliokuwa hatujui tukimfungia mlango alikuwa mkali, na hakuwa mtu wa ukali. Kambo wako hakuwa mgonjwa. Alikuwa akiwaachia wote mliokuwa mle ndani njia ya kutokea.

Taa nyekundu nazo ni kweli. Zilifungwa kwenye majaketi ya kuokolea ili mtu aonekane usiku. Na Freetown ndiko meli zilikokusanyika kusubiri msafara wa kwenda Uingereza. Kusimama kulikatazwa, kwani meli iliyosimama ndiyo inayofuata kupigwa. Aliyekuwa juu na birika usiku ule hakuwa na la kufanya ila kuona. Nashukuru kwamba alikuwa na wewe wa kumwambia hata mara moja.

Sasa hiyo picha. Chukua kioo cha kukuzia. Boya la meli haliandikwi jina la meli pekee. Kwa kawaida chini yake, kwenye nusu ya pili ya duara, huandikwa bandari ilikoandikishwa. Mchoraji wa kitambaa cha studio angeandika jina la mji wenu akaridhika, hana habari na bandari. Tazama chini, kisha utuambie.

Na la kaburi. Meli yetu ilipokuwa London kwa matengenezo nilikwenda Tower Hill, kwenye mnara wa mabaharia wa meli za biashara waliokufa vitani, wale wasio na kaburi ila bahari. Nilikuwa nikitafuta majina ya watu kwa herufi, sikuyapata, mpaka nikaelewa jinsi yalivyopangwa. Jina la meli linatangulia, na watu wake wako chini yake, nahodha na mtu wa jikoni katika orodha moja. Baharia hutajwa pamoja na meli yake. Wenu anao udongo juu yake, alhamdulillahi, basi mpeni na meli yake.

Mjukuu wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, wazee wangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu kamili.

Kioo cha kukuzia nilikiazima kwa fundi wa saa pale sokoni, yule anayekibana jichoni. Jumapili baada ya misa tuliweka picha mezani, dada akamulika kwa simu. Nusu ya chini ya boya kuna kivuli, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa ameona kitu. Nilimpa baba mdogo kioo yeye kwanza, sikutaka aseme nimeona ninachotaka kuona. Alikaa nacho muda mrefu. Halafu akaanza kutaja herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: V, E, R, S. Mbele ya V kuna ufa wa karatasi. Anvers. Ndivyo Wabelgiji wanaosema Kifaransa wanavyoiita Antwerpen. Kwenye studio za Katuba hakuna aliyekuwa na sababu ya kuandika Anvers.

Baba mdogo alikiweka kioo chini, akasema, "Basi baba alikuwa anatuambia." Akatoka nje. Aliporudi alituambia tuandike meli, na gharama ya herufi za nyongeza ataitoa yeye.

Binti wa Askari, nakushukuru kwa ukweli wako. Neno "mpiganaji" nilikuwa nimelitaka mimi kuliko wote, kwa ajili ya siku ile ya karani, na umeniona vizuri. Tumeliacha. Mzee wa Reli, Jumamosi nitapita Kamalondo kukusalimia kama utaniruhusu, na picha nitakuja nayo. Fundi, granito tumekubaliana, na shaba tumeiacha. Kwenye jiwe kutakuwa na jina lake kubwa, chini yake: BAHARIA WA MELI ELISABETHVILLE, 1942–1946. Neno MELI baba mdogo ametaka liwe sawa na mengine kwa ukubwa, asitokee tena mtu wa kusoma mji. Mchoro utakuwa na mistari michache kama ulivyoshauri.

Limebaki moja, nalo ni lako, Mzee wa Bandarini. Kambo mwanamke yuko hai, ana miaka zaidi ya tisini, macho yamepungua lakini masikio ni mazima. Jioni ile nilikwenda chumbani kwake kumweleza habari ya mlango. Nilimweleza chuma kinavyojipinda, na fremu, na maji. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti. Akauliza kama meli ile ilizama. Nikasema hapana. Akanyamaza.

Halafu akasema, "Miye nilikuwa naufunga akisha kulala. Kila siku. Na kila siku alikuwa analamuka usiku, anaenda kuufungula, hasemi kitu." Miaka 48.

Akaniomba nimsomee tena ulivyoandika, pale pa ndoana. Nimemsomea mara tatu.